Nywila moja kwa milango yote: jibu kwa msomaji wa Mwanza

Swali: "Habari kaka. Nina duka la vitenge hapa Mwanza, na nusu ya wateja wangu wananipata Instagram na Facebook. Mwezi uliopita rafiki yangu alidukuliwa akaunti, mwizi akaanza kuwaomba wateja wake pesa za oda. Mimi natumia nywila moja kila mahali, nabadilisha namba ya mwisho tu. Nikiweka ngumu naisahau ndani ya siku mbili, halafu na binti anayenisaidia dukani anaihitaji. Nywila yenyewe ni hii hapa chini. Je, ni imara? Na nikiiandika kwenye daftari ni kosa?"

Salama dada yangu. Kabla ya lolote, ibadilishe leo hiyo hiyo, kwa sababu umeshaniandikia mimi. Nimeifuta, lakini wewe huna namna ya kuhakikisha kwamba nimeifuta, na siri unayolazimika kumwamini mtu wa mbali kwamba ameisahau imeshakoma kuwa siri. Mtu yeyote anayeomba nywila yako ili "aipime" mnyime, hata akijiita mtaalamu.

Sasa kuhusu uimara wake. Ina herufi kubwa mwanzoni, jina la mtoto, mwaka aliozaliwa, kisha alama ya mshangao mwishoni. Tovuti nyingi zitaipokea na kukuwekea mstari wa kijani wa kukusifu. Mimi naiona dhaifu, na sababu yake ni ndogo tu: watu wengi sana wameipanga hivyo hivyo. Tovuti ikikwambia weka herufi kubwa, unaiweka mwanzo. Ikikwambia weka namba, unaweka mwaka. Ikidai alama, unapachika mshangao mwishoni. Wezi wanaujua mpangilio huo kuliko sisi, na programu zao huanzia hapo hapo. Hata ile janja ya kuandika @ badala ya a na 0 badala ya o wameshaifundisha mashine zao zamani.

Lakini hilo ndilo tatizo lako la pili. La kwanza umelitaja kwa kupita tu: nywila moja kila mahali.

Wengi wakisikia "kudukuliwa" wanamwona kijana gizani anabuni nywila ya mtu fulani mpaka aipate. Kwa watu wa kawaida kama mimi na wewe, mara nyingi haiwi hivyo. Kinachotokea ni kwamba tovuti fulani uliyojiandikisha miaka iliyopita, pengine ya michezo au ya kutafuta kazi, inaibiwa orodha yake yote ya wateja. Mwizi anachukua barua pepe na nywila zilizomo, anaziingiza kwenye programu, na programu inazijaribu Gmail, Facebook, Instagram, popote. Hakuchagui wewe. Anajaribu mamilioni, na anaokota zile zilizofunguka. Kubadilisha namba ya mwisho hakumsumbui, kwani akiona inaishia na 4, atajaribu 5.

Mwezi Desemba 2009 kampuni moja ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa nywila zaidi ya milioni 32, na ilikuwa imezihifadhi waziwazi kama zilivyoandikwa. Iliyoongoza ilikuwa 123456, ikitumiwa na watu zaidi ya 290,000. Orodha ile bado inatumika mpaka leo, na wezi na sisi tunaofanya kazi ya ulinzi wa mitandao, kama kitabu cha kiada cha namna binadamu anavyochagua nywila. Mwaka 2012 ikafuata LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi na ajira, na miaka minne baadaye ikabainika kwamba zilizotoka huko zilikuwa zaidi ya milioni 100. Mwaka huo huo wa 2016, akaunti za Twitter na Pinterest za Mark Zuckerberg, mwenye Facebook yake, zilitekwa kwa muda. Waliojigamba kufanya hivyo walisema walitumia nywila iliyovuja LinkedIn: "dadada". Kila nikiikumbuka nacheka, maana kwa Kiswahili ni kama mtu ameanza kumwita dada yake akapatwa na kigugumizi. Kama yeye alirudia nywila moja, wewe usijione mjinga. Acha tu.

Utaniuliza: kwa zile tovuti zisizohifadhi nywila waziwazi kama RockYou, mwizi anazipataje? Tovuti yenye akili huisaga nywila yako kwenye kinu cha hesabu, kisha hutunza unga tu. Ukija kuingia, inasaga ulichoandika na kulinganisha unga na unga. Mahindi yakishasagwa hayarudi kuwa punje, kwa hiyo mwizi akiiba ghala anaondoka na unga mtupu. Ila kinu kilekile na yeye anacho. Anachukua neno, analisaga, analinganisha. Anachukua jingine, anasaga tena. Kuna vinu vilivyotengenezwa makusudi viwe vizito, bcrypt ya mwaka 1999 ni mfano, na tovuti ikitumia kimojawapo mwizi anasota. Lakini tovuti nyingi zilitumia vinu vyepesi, na kompyuta yenye kadi nzuri za michoro, zile zile za wacheza gemu, inaweza kusaga hapo majaribio bilioni 100 kwa sekunde moja. Wewe huwezi kujua tovuti fulani inatumia kinu gani, kwa hiyo piga hesabu ukitarajia kile kibovu.

Kwa kasi hiyo, herufi nane ndogo, hata zikichaguliwa ovyo kabisa, zina michanganyiko kama bilioni 209, na zinaisha kwa takriban sekunde mbili. Herufi nane zilizochanganywa na kila alama iliyo kwenye kibodi zinafika saa 18. Na hapo nasema herufi zilizochaguliwa na mashine bila mpango. Jina la mtoto na mwaka havifiki huko hata kidogo.

Dawa ni maneno kamili, matano au sita, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Natilia mkazo bahati nasibu kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea hata wakiambiwa vizuri. Ukiachiwa uchague mwenyewe utachukua methali, mstari wa wimbo, aya ya Biblia au Kurani, au kauli ya timu yako. "Harakaharakahainabaraka" ina herufi nyingi, lakini kwa mwizi mwenye orodha ya methali ni jaribio moja tu. Usijidanganye pia kwamba mwizi ni Mzungu asiyejua Kiswahili. Orodha zilizovuja zina nywila za watu wa kila lugha, na Waswahili wamo humo. Tena wezi wengine ni wa hapa hapa, wanajua Simba na Yanga kuliko mimi.

Mmarekani aitwaye Arnold Reinhold alitoa njia mwaka 1995 inayotumia dadu na orodha ya maneno 7,776. Kwa nini idadi hiyo? Kwa sababu ukirusha dadu mara tano, matokeo yanayowezekana ni 7,776 kamili. Orodha yake ya mwanzo ni ya Kiingereza, nami maneno ya Kiingereza hayanikai kichwani, kwa hiyo nimezoea kutumia kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inafaa, na yoyote nene itafaa. Dadu chukua ya ludo ya watoto.

Unarusha mara tatu kupata ukurasa. Toa moja kwenye mrusho wa kwanza, zidisha kwa 36. Toa moja kwenye wa pili, zidisha kwa 6. Jumlisha hivyo viwili na mrusho wa tatu kama ulivyo. Ukipata nne, mbili, sita, ni 108 jumlisha 6 jumlisha 6, yaani ukurasa wa 120. Kurasa zinazofikika ni 216. Kama kamusi yako ina mara mbili ya hizo, zidisha jibu kwa mbili usije ukabaki na maneno ya nusu ya kwanza ya alfabeti peke yake. Kisha rusha mara mbili kupata neno: toa moja kwenye mrusho wa kwanza, zidisha kwa 6, jumlisha wa pili. Tatu na tano ni 17, basi hesabu kutoka juu mpaka neno la 17. Ukurasa ukiisha kabla hujafika, endelea na unaofuata. Rudia mpaka upate maneno matano.

Najua inachosha. Inachukua kama robo saa, na utaifanya mara mbili au tatu tu maishani. Usifungue kamusi kwa kubahatisha na kidole, kwa sababu kitabu hupenda kufunguka katikati, na macho yako yataliruka neno baya yatue kwenye zuri. Neno likija baya, chukua hilo hilo. Usiseme "hili sipendi, ngoja nirushe tena", maana ukianza kuchagua umerudi ulikotoka.

Tuseme umepata birika, tandu, komeo, shayiri, lamba. (Usitumie haya, nimeshayatangaza.) Sasa tunga kisa kinachoyafuata kwa mpangilio wake: birika limeingia tandu, tandu amefunga komeo ili ale shayiri, akimaliza analamba kidole. Kadiri kisa kinavyokuwa cha kijinga ndivyo kinavyong'ang'ania kichwani. Unaandika birika-tandu-komeo-shayiri-lamba. Maneno manne ya namna hii yangemtesa mwizi wetu wa bilioni 100 kwa sekunde kama saa 10 tu, na ndiyo maana nakataa manne. Matano yanampeleka miaka kama 9. Sita, miaka kama 70,000. Tazama neno moja linavyofanya kazi.

Kuna mambo mawili madogo ya Kiswahili chetu. Neno likija na ritifaa, kama ng'oa au ng'ambo, andika bila ritifaa, kwa sababu kibodi ya simu moja huichora tofauti na nyingine na utajikuta umefungiwa nje bila kujua kosa liko wapi. La pili, usidhani kitenzi kirefu kama "tutakapowapelekea" ni sawa na maneno manne. Ni mzizi mmoja na viambishi tunavyovijua sote. Na tovuti ikikataa kwa kuwa hakuna herufi kubwa na namba, anza na B kubwa na umalizie na 7. Hiyo ni sawa na kumwonyesha mlinzi wa getini kitambulisho ili akuruhusu, usiihesabu kama ulinzi.

Siku za kwanza iandike kwenye karatasi uitie kwenye pochi, uingie na kutoka mara kadhaa kwa siku. Umesema unasahau ndani ya siku mbili. Nadhani ni kwa sababu unaiweka, halafu simu inakukumbukia, kichwa hakipati mazoezi. Baada ya wiki moja vidole vinakuwa vimeijua.

Daftari? Wengi wa taaluma yangu watanirushia mawe, lakini kwako nasema daftari ni sawa. Mwizi aliyeko nchi nyingine hawezi kufungua droo iliyo Mwanza. Daftari linalokaa nyumbani, pamoja na hati ya kiwanja, likiwa na nywila tofauti kwa kila akaunti, ni bora mara nyingi kuliko nywila moja iliyo kichwani. Lisikae dukani chini ya kaunta, wala usilipige picha ukaiacha kwenye simu. Na mtu mmoja unayemwamini ajue lilipo, kwani kuna familia nimeziona zikihangaika miezi kufungua akaunti ya marehemu yenye picha zote za watoto.

Kilicho bora kuliko daftari ni programu ya kutunza nywila. Bitwarden ni ya bure kwa matumizi ya kawaida, KeePassXC ni ya bure kabisa na hutunza kila kitu kwenye kompyuta yako mwenyewe, na simu ya Android tayari ina ya Google ndani yake. Programu inatunga nywila ndefu isiyosomeka kwa kila tovuti na kuikumbuka. Wewe unabaki na maneno yako ya dadu ya kufungulia programu, na mengine ya barua pepe. Jingine la kukumbuka ni namba ya kufungua simu. Kuna faida ambayo wengi hawaitaji: ukipelekwa kwenye ukurasa bandia unaofanana na wa Facebook, programu haitajaza kitu, kwa sababu inaangalia anwani. Macho yako yanadanganyika, yenyewe haidanganyiki kirahisi.

Namba ya siri ya M-Pesa au ya mtandao mwingine wa pesa ina sheria zake. Tarakimu nne ni michanganyiko 10,000 tu, lakini mwizi hapati nafasi ya kuijaribu yote, kwa kuwa huduma hufunga baada ya makosa machache. Kwa hiyo adui wako hapo ni aliye karibu. Anajua mwaka wako wa kuzaliwa, anajua 1234, na anasimama nyuma yako kwa wakala. Rusha dadu na hapo ukipenda, na mkono wa pili ufunike simu. Usiitumie namba hiyo kufungulia simu, maana ya kufungulia simu unaiandika mbele za watu mara mia kwa siku.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe, Facebook na Instagram, na kwenye WhatsApp pia, ingawa huko hatua ya pili ni namba ya siri unayojiwekea mwenyewe. Mtu akipata nywila bado atahitaji namba nyingine. Inayotoka kwenye programu kama Google Authenticator ni bora kuliko inayokuja kwa ujumbe mfupi, kwa sababu wapo wanaofanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini nyingine. Lakini ujumbe mfupi ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Ukiwasha, utapewa namba za akiba za siku simu itakapopotea. Hizo ndizo zinazostahili ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Na zile tarakimu sita zinazokuja kwenye simu hakuna mtu mwenye haki ya kukuuliza, awe mteja, awe "huduma kwa wateja", awe shoga yako aliyesema zimekuja kwako kwa makosa. Mara nyingi ujumbe wa shoga huyo unaandikwa na aliyemteka. Ni ndugu wa ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii": haudukui mashine, unamdukua mtu. Sitashangaa nikisikia rafiki yako alipotea hapo.

Usijisumbue kubadilisha nywila kila miezi mitatu. Nilifanya kazi kwenye ofisi moja iliyolazimisha hivyo, na nilipozunguka mezani nilikuta Januari na mwaka, kisha Aprili na mwaka, zimebandikwa kwenye vioo vya kompyuta. Masharti hayo ya alama na kubadilisha mara kwa mara yalienezwa na mwongozo wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Mwandishi wake, Bill Burr, alikiri mwaka 2017 kwenye gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika, na mwongozo mpya wa mwaka huo ukayaacha. Badilisha pale ukiwa na sababu: tovuti imevuja, umempa mtu, au umeona kuingia usikokuelewa. Kuna tovuti ya Have I Been Pwned, ya Mwaustralia Troy Hunt tangu 2013. Unaandika barua pepe yako inakwambia imeonekana kwenye uvujaji upi. Ya kwangu imo, tena mara kadhaa.

Maswali ya usalama, kama shule ya msingi uliyosoma au jina la ukoo wa mama, jibu uongo. Nusu ya Mwanza inajua shule uliyosoma. Andika neno la dadu na ulitunze kama nywila.

Anza na barua pepe usiku wa leo, kwa kuwa anayeishika barua pepe anabofya "nimesahau nywila" kwingine kote na kufunguliwa. Ukishaibadilisha, ingia kwenye mipangilio uone vifaa vilivyounganishwa, uondoe ile simu uliyoiuza mwaka juzi. Kesho Facebook na Instagram, na zilizobaki taratibu, kila utakapokuwa unaingia.

Binti wa dukani usimpe nywila kabisa. Ukurasa wa biashara wa Facebook unaruhusu kumwongeza mtu kwa akaunti yake mwenyewe, ukampa ruhusa ya kujibu wateja na kuweka picha bila kuwa mmiliki. Siku akiolewa Tabora unamwondoa kwa kubofya mara moja, na yale maneno yako matano hayatikisiki.